Tiba ya ngozi haiishii mlangoni pa kliniki

Matibabu madogo ya ngozi si jambo geni tena katika miji yetu. Mkazi wa mtaa wa Majengo, awe wa Majengo ya Meru au wa Majengo ya Embu, anaweza kuondoka nyumbani asubuhi, akafika hospitali kuu ya kaunti au kliniki iliyo karibu, akadungwa sindano ya ganzi, akakatwa chunjua, akachomwa kwa umeme vile vinundu vyeusi vya usoni, akapasuliwa jipu au akatolewa kipande cha ngozi cha kupelekwa maabara, na adhuhuri ikamkuta kwake. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Baada ya hapo mgonjwa hubandikwa plasta, hupewa karatasi ya dawa na kuambiwa maneno mawili matatu: paweke pasafi, pasiguswe na maji, rudi ukiona shida. Kisha anapanda boda boda. Nashikilia kwamba hapo ndipo tunapokosea. Nusu ya tiba hiyo bado haijafanyika, na nusu iliyobaki tumemwachia mtu ambaye hajaelezwa namna ya kuifanya. Maelekezo ya kutunza ngozi baada ya kukatwa yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu: yaandikwe, yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na yalingane na ngozi yetu, jua letu na maisha yetu.

Anayeliona hili kuwa jambo dogo kwa sababu kidonda ni kidogo, na atazame kinachoendelea chini ya plasta. Saa za kwanza damu huganda na mishipa hujifunga. Siku mbili tatu zinazofuata pale mahali huvimba kidogo, huwa na joto na hutoa majimaji ya manjano hafifu. Watu wengi huyaona majimaji hayo wakadhani ni usaha, kumbe ni mwili unaosafisha mahali pake. Kisha seli mpya za ngozi huanza kutambaa kutoka kwenye kingo za kidonda na kwenye mashina ya vinyweleo hadi zikakutana. Kwa mtazamaji wa nje, wiki moja ikipita mambo yamekwisha. Ndani hayajaisha. Kovu la wiki moja halina hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya wiki tatu huwa limepata kama asilimia 20 hivi, na hata baada ya miezi mitatu hufikia takriban asilimia 80, wala halirudi kuwa kama ngozi ya awali. Ndiyo maana nyuzi za usoni, mahali penye damu nyingi panapopona upesi, hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, ilhali za mgongoni na miguuni hungoja siku 10 hadi 14. Mtu aliyekatwa mgongoni akabeba gunia la viazi siku ya nane, kidonda kikafumuka, hastahili kuitwa mzembe ikiwa hakuna aliyemwambia kwamba siku ya nane bado ni mapema.

Imani ya kwanza inayohitaji kupingwa ni ile isemayo kwamba kidonda kinataka hewa, kikauke, kifanye kigaga. Imani hii ina mantiki yake, kwani kila mtu ameona kidonda kilicholowa kikanuka. Lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yake juu ya ngozi ya nguruwe. Vidonda vilivyofunikwa kwa utando wa plastiki vikabaki na unyevu wake viliota ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia maradufu ya vile vilivyoachwa vikauke hewani. Sababu yake inaeleweka. Seli mpya huhitaji unyevu ili zisogee. Zikikuta kigaga kikavu, hulazimika kujipenyeza chini yake, na safari inakuwa ndefu. Unyevu unaozungumzwa hapa ni ule wa kidonda chenyewe chini ya kifuniko safi kinachobadilishwa kila siku. Jasho na vumbi vilivyofungiwa chini ya plasta ya siku nne ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo linalonuka.

Swali linalofuata ni la kupaka nini. Wengi hutoka kliniki wakiwa na hakika kwamba bila krimu ya antibayotiki kidonda kitaoza, na asiyeandikiwa hupitia kwa kemisti akanunua mwenyewe. Mwaka 1996 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti juu ya wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Kundi moja lilipaka mafuta meupe ya mgando yasiyo na dawa yoyote, na kundi la pili likapaka marhamu ya antibayotiki iitwayo basitrasini. Maambukizi yalikuwa machache pande zote mbili: asilimia 2 kwa waliopaka mafuta matupu na asilimia 0.9 kwa waliopaka antibayotiki, tofauti ambayo watafiti waliiona haina uzito wa kitakwimu. Ila wagonjwa wanne wa kundi la antibayotiki walipata mzio wa ngozi kutokana na marhamu hayo, na katika kundi la mafuta hakupatikana hata mmoja. Kwa hiyo mafuta ya mgando, yale ambayo wengi wetu huyaita Vaseline, yanatosha kwa kidonda safi kilichofanywa kliniki, mradi yawe hayana manukato na yatoke kwenye kopo jipya. Kopo la familia, ambalo kila mtoto hutia kidole kabla ya kwenda shule, halifai.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie antibayotiki kwa tahadhari, maadamu madhara yake ni machache? Jibu ni kwamba dawa hizi tunazimaliza nguvu kwa kuzitumia pasipo haja. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa katika Lancet mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu visivyosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi. Kidonda kilichoingiwa na maambukizi kinahitaji antibayotiki, tena iliyochaguliwa na mhudumu wa afya. Kidonda safi hakiihitaji. Na yale yanayochoma, yaani spiriti na dawa kali za kuulia vijidudu, yamepata sifa kwa sababu tu yanauma, watu wakadhani maumivu ni alama ya kazi. Kwenye kidonda kilicho wazi dawa hizo huunguza pia zile seli changa zinazojaribu kukifunga. Maji safi na sabuni ya kawaida, kwa mkono uliooshwa, hufanya kazi hiyo bila hasara.

Maji nayo yameogopwa kupita kiasi. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba pasiguswe na maji, huenda akakaa wiki nzima bila kuosha pale mahali, jasho likakusanyika, na kidonda kikapata shida ileile iliyokuwa ikiepukwa. Mwaka 2006 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Australia uliowagawa wagonjwa 857 walioshonwa ngozi. Wale walioruhusiwa kuondoa bandeji na kuoga kabla ya saa 48 walipata maambukizi kwa asilimia 8.4, na wale walioambiwa wakae na bandeji kavu walipata kwa asilimia 8.9. Kwa maneno mengine, kuoga hakukuwadhuru. Hili lina uzito wa pekee Majengo, ambako Waislamu ni wengi na mtu hutawadha mara tano kwa siku. Katika siku ya kwanza au ya pili, bandeji inapotakiwa kubaki kavu, sheria ya dini yenyewe imeweka nafasi: mtu hupangusa juu ya bandeji, au hutayamamu pale maji yanapomdhuru. Baada ya hapo, maji safi ya bomba yakipita juu ya kidonda kilichoshonwa, kisha pakafutwa taratibu kwa kitambaa safi na kupakwa mafuta, hayana ubaya. Kuogelea mtoni Kathita au Rupingazi ni jambo la kungoja mpaka ngozi ifunge kabisa. Lau maelezo haya yangetolewa kliniki, mgonjwa asingelazimika kuchagua kati ya ibada yake na kidonda chake.

Sasa nije kwenye sababu iliyo nzito kuliko zote ya kuyataka maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili yetu. Sehemu kubwa ya ushauri unaopatikana kuhusu vidonda uliandikwa kwa watu wenye ngozi nyeupe. Humwambia mgonjwa aangalie wekundu kuzunguka kidonda, kwamba wekundu ukisambaa akimbie hospitali. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni weusi uliokoza au rangi ya zambarau iliyofifia, ngozi iliyovutika ikang'aa, uvimbe, na joto linalosikika kwa mgongo wa mkono ukilinganisha na upande wa pili wa mwili. Kasoro hii haiko Kenya pekee. Mwaka 2020, huko London, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake wa chuo cha St George's kutoa kitabu cha Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa kuwa alichofundishwa darasani kilihusu ngozi nyeupe tu. Ikiwa huko London ilionekana haja ya kitabu kama hicho, mgonjwa wa Majengo naye anahitaji karatasi inayomwonyesha hatari inavyojitokeza kwenye ngozi yake mwenyewe.

Ngozi yetu ina jambo la pili linaloitofautisha. Ikijeruhiwa au ikiwashwa, zile seli zinazotengeneza rangi huchochewa, na mahali palipopona hubaki na baka jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Mtu aliyeondoa vinundu vya usoni ili uso utakate anaweza kujikuta na madoa mahali pa vinundu. Jua huyakoleza madoa hayo, na jua la huku si la kuchezea. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji wa Meru, na Embu haiko mbali nayo. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mtu apandapo mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi na ukungu wa Julai visimdanganye mtu, kwa sababu mionzi hiyo hupenya mawingu mepesi. Wapo watakaosema losheni ya kukinga jua ni ghali, nao wana haki. Lakini kofia pana, mtandio, mwavuli na kivuli havidai pesa kubwa, tena havihitaji kupakwa upya kila baada ya saa mbili. Losheni yenyewe haipakwi kwenye kidonda kilicho wazi, hungoja ngozi ifunge. Kwa wenzetu wenye ualbino, ambao sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa 9,729 nchini Kenya, kinga hii ni suala la uhai. Madoa ya hatari yanayogandishwa au kukatwa kwenye ngozi zao hurudi pale jua linaporudi. Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili yao, na hilo ni thibitisho kwamba kanda hii inaweza kujitengenezea kinga yake.

Hapa pia ndipo hatari ya krimu za kung'arisha ngozi inapoingia. Mtu akiona baka jeusi baada ya kidonda, hatua ya kwanza huwa ni kwenda dukani kutafuta krimu ya kuliondoa. Baadhi ya krimu hizo huwa na steroidi kali, na nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, na vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku na Shirika la Viwango la Kenya. Steroidi kali ikipakwa bila usimamizi huifanya ngozi iwe nyembamba, huchelewesha kupona na hufungulia njia maambukizi ya kuvu. Baka lililoachwa kwenye kivuli, likapakwa mafuta ya kawaida na kupewa muda, kwa kawaida hufifia lenyewe. Mwenye haraka na amwone mhudumu wa ngozi, asimwone muuza vipodozi.

Jambo la tatu ni keloidi, lile kovu linaloinuka, likawa gumu na kuenea nje ya mipaka ya kidonda kilichosababisha. Huwapata watu weusi kuliko wengine, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hupenda masikio, kifua, mabega na taya. Kwa vijana wa kiume, vipele vya kisogoni vinavyochokozwa na wembe wa kinyozi huweza kugeuka makovu magumu ya namna hiyo. Wengi hawajui kwamba keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine hurudi. Taarifa za kitabibu zinaonyesha kurudi kwa kati ya asilimia 45 na 100, na mara nyingine hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Kinachopunguza uwezekano huo ni yale yanayofuata baada ya kukatwa: sindano za steroidi ndani ya kovu zinazotolewa na mtaalamu kwa vipindi, vipande vya silikoni vinavyobandikwa juu yake kwa miezi, na mgandamizo kwa masikio. Mgonjwa aliyekatwa keloidi ya sikio akaruhusiwa kwenda bila tarehe ya kurudi ametumia fedha zake kununua keloidi mpya. Naye ambaye ukoo wake una historia ya makovu haya anastahili kuulizwa kabla ya kukatwa chochote, na kuelezwa dalili ya mapema: kovu linalowasha, linalokuwa gumu na kuanza kupanda baada ya mwezi mmoja au miwili. Likikamatwa hapo, sindano chache zaweza kutosha.

Kuna pingamizi linalotoka kwa wazee, na linastahili heshima. Wanasema babu zetu walitibu vidonda kwa majivu, mizizi na asali, na watu wakapona. Ni kweli walipona wengi, kwa sababu mwili una uwezo mkubwa wa kujiponya. Waliopata pepopunda hawakubaki kutoa ushahidi. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na majivu ya jikoni au udongo uliopakwa kwenye kidonda huweza kuvibeba. Dawa ya meno na unga wa kahawa navyo havina cha kuponya. Hukauka, hugandamana na kidonda, na kubanduka kwake huchuna ngozi mpya. Asali ni habari nyingine. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015 yaliona kwamba asali huponya majeraha fulani ya moto kwa siku 4 hadi 5 mapema kuliko bandeji za kawaida. Ila asali inayofaa kidonda ni ya hospitali, iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda, nayo haipaswi kuchanganywa na ile ya mzingani. Kwa hiyo sina ugomvi na urithi wetu. Nataka kila kinachopakwa kwenye kidonda kipite kipimo kimoja, kitoke kwa bibi au kitoke kwa kemisti.

Tena, tukiuangalia urithi huo kwa makini, tutakuta uko upande wa hoja hii. Jamii zetu hazijawahi kuamini kwamba mtu akishakatwa basi kazi imekwisha. Mwanamke aliyejifungua Majengo hukaa arobaini, akikandwa kwa maji moto, akipikiwa na kulindwa. Kijana wa Kimeru au wa Kiembu anapotahiriwa, iwe likizo ya Agosti au ya Desemba, hutengewa mahali pa kukaa na mtu wa kumwangalia hadi apone. Katika mila zote hizo kupona kumepewa siku zake, mahali pake na msimamizi wake. Tulipohamisha ukataji kwenda kliniki, tulipata ganzi, vifaa safi na wahudumu waliosomea kazi hiyo, na hayo ni mafanikio makubwa. Yule msimamizi wa kupona ndiye tuliyemwacha njiani, na ni wajibu wetu kumrudisha.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Mama anayeuza mboga soko la Gakoromone, fundi wa mawe na dereva wa boda boda hawana siku 14 za kukaa kivulini. Kuwaambia wapumzike ni kuwaambia wasile. Nakubali, na ndiyo sababu nataka maelekezo yaanze kabla ya kisu. Chunjua au kinundu kisicho na hatari kinaweza kungoja hadi msimu wa mavuno upite, au kikatwe siku inayofuatiwa na mapumziko. Mhudumu amuulize mgonjwa kazi yake: anayeinama, anayebeba mzigo na anayekaa kwenye vumbi hawahitaji ushauri uleule. Gharama ya utunzaji wenyewe ni ndogo: sabuni, maji safi, kopo dogo la mafuta ya mgando, na shashi au vipande vya kitambaa cha pamba vilivyochemshwa, vikakaushwa na kupigwa pasi. Plasta moja ya ziada ya kufunika kidonda barabarani humwokoa dereva na vumbi la siku nzima. Kidonda kilichoharibika ndicho kinachomweka mtu nyumbani wiki tatu na kumrudisha hospitali mara nne. Mwenye kipato cha siku kwa siku ndiye mwenye hasara kubwa zaidi kisipotunzwa.

Wahudumu wa afya nao watasema, kwa haki, kwamba foleni ni ndefu na madaktari wa ngozi ni wachache, wengi wao wakiwa Nairobi. Lakini kazi hii haihitaji daktari bingwa. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Moshi, pembeni mwa KCMC, kimekuwa kikiwafunza matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kutibu ngozi pale ambapo daktari bingwa hafiki, na mafanikio yake yanaonyesha kwamba ujuzi huu hugawika. Karatasi moja iliyochapishwa kwa Kiswahili, na nyingine kwa Kimeru na Kiembu, yenye michoro kwa asiyejua kusoma, huokoa muda wa muuguzi badala ya kuula. Tena si hisani. Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa habari za hali yake na tiba yake kwa lugha anayoielewa. Aidha, Septemba 2023 serikali ilizindua takriban wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wenye mikoba ya vifaa, wanaotembea nyumba kwa nyumba. Kumwongezea mhudumu wa mtaa jukumu la kukagua kidonda siku ya tatu na siku ya saba hakuhitaji jengo jipya wala mashine.

Kilichomo kwenye karatasi hiyo kinaweza kutosha ukurasa mmoja. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 15 kamili ukitazama saa, bila kuinua kuchungulia; isipokoma, rudi. Osha mara moja kwa siku baada ya siku ya kwanza au ya pili, paka mafuta, funika. Usibandue kigaga. Pakinge na jua kwa miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga. Mwenye kisukari, na hasa aliyekatwa mguuni, arudi kukaguliwa mapema zaidi, na mvutaji ajue kwamba sigara hubana mishipa ya damu na kuchelewesha kupona. Rudi mara moja ukiona maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, uvimbe unaosambaa, usaha mzito, harufu au homa. Na mwisho, tarehe ya kutoa nyuzi na tarehe ya kuchukua majibu ya maabara. Hili la majibu lisipuuzwe. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya ngozi kwenye kidole cha mguu, akafa mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, na aina ile inayojificha nyayoni na chini ya kucha ndiyo inayowapata zaidi watu weusi. Kipande kilichokatwa kikapelekwa maabara, kisha majibu yakalala kwenye faili, hakijamsaidia mtu. Vivyo hivyo kidonda ambacho hakijafunga baada ya wiki kadhaa, hata kama hakiumi, kinahitaji kuchunguzwa.

Idara za afya za kaunti za Meru na Embu zinaweza kuanza mwaka huu bila kungoja Nairobi: zichapishe karatasi hiyo, ziwape wahudumu wa jamii jukumu la ukaguzi, na ziweke kanuni kwamba hakuna mgonjwa anayeondoka baada ya kukatwa ngozi bila tarehe ya kurudi. Kliniki za watu binafsi, zinazotoza fedha kwa kila chunjua, hazina kisingizio chochote. Na wewe msomaji, siku utakapokalia kile kitanda cha kliniki, uliza maswali manne kabla hujashuka: nioshe lini, nipake nini, nirudi lini, na nikiona nini nikimbie? Una haki ya kupata majibu yote manne, kwa lugha yako, na mhudumu asiyeweza kuyatoa hajamaliza kazi uliyomlipa aifanye.